Kilo ya Mjomba

Chuoni, mhadhiri wetu wa uchumi alitufundisha kupima hasara ya vita. Alijaza ubao mzima: madaraja yaliyolipuliwa, viwanda vilivyoungua, ng'ombe walioibwa, watu waliokimbia makwao. Nikainua mkono, nikauliza kilo iandikwe safu ya ngapi. Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri naye akatabasamu, akasema bomu halivunji kilo. Nilikaa chini masikio yananiwaka moto, lakini sikumlaumu. Hakumjua mjomba wangu.

Mjomba ni kaka yake Mama, mkaguzi wa vipimo katika mji wetu, mji mdogo wenye soko kubwa. Ni mwembamba, ana shingo ndefu, na shati lake hufungwa mpaka kifungo cha juu hata jua likiwa la kupasua mawe. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya soko: meza, kabati la chuma, dirisha lenye nondo, na mizani ya sahani mbili ndani ya kasha la kioo ili upepo usiisumbue. Kabla ya vita, kila mwaka wafanyabiashara walipanga foleni mlangoni wakiwa wamebeba mawe yao ya mizani, yale ya chuma, ya kilo moja, mbili, tano na kumi. Kila jiwe lina tundu chini lililojazwa risasi, ile metali laini ya kuyeyushwa. Jiwe likizidi uzito, Mjomba huchokonoa risasi kidogo. Likipungua, huongeza. Likilingana, hugonga mhuri juu ya risasi kwa nyundo, ko! Mara moja tu. Kugonga mara mbili kwake ilikuwa aibu.

Mkubwa wa vipimo vyote alikuwa kilo moja ya shaba ya njano, iliyoletwa kutoka makao makuu ya idara, yenye kishikio kama kichwa cha uyoga. Ililala kwenye kisanduku cha mbao pamoja na wadogo zake: nusu kilo, mbili za gramu mia mbili, moja ya gramu mia, na bahasha ya vijipande vya gramu moja moja. Mjomba mwenyewe sokoni walimwita Mzee Kilo tangu akiwa kijana wa miaka thelathini. Wauza nyama walimwogopa kuliko polisi.

"Polisi unaweza kuongea naye," mwenye bucha aliwahi kuniambia. "Mjomba wako hata ukimpa ini, kwanza analipima."

Vita havikuja kwetu na mizinga. Vilitanguliwa na ukimya. Makao makuu wakaacha kujibu barua, kisha mishahara ikakoma, kisha barua zenyewe zikakosa njia. Milio ya bunduki iliposikika ng'ambo ya mto, mimi na Mama tulipanda lori kwenda kwa ndugu za marehemu baba, mji wa mbali ambako vita havikufika. Mjomba alimkabidhi Mama kisanduku cha mbao na wale wadogo wote. Kilo yenyewe akaifunga kiunoni kwa kitambaa.

"Hii inakaa na mimi," alisema. "Nikiwa bila hii, nitakuwa mzee tu anayekimbia."

Yeye alielekea upande wa kambi pamoja na watu wa sokoni. Kwenye kizuizi cha kwanza mwanajeshi alimpapasa kiunoni, akadhani amekamata dhahabu.

"Hii nini?"

"Kilo."

"Kilo ya nini?"

"Ya chochote utakachopenda, mwanangu."

Mwanajeshi aliikwaruza kwa kisu, akaona ni shaba tupu, akamtupia mguuni. Mjomba anachechemea hadi leo, na kila akisimulia hucheka, eti ndiye mtu pekee aliyejeruhiwa vitani na vifaa vya ofisi yake mwenyewe.

Kambini alikaa miaka minne na nusu. Unga uligawanywa kwa kopo, na makopo hayakulingana. Kila siku ya mgao ilikuwa siku ya matusi, na mara mbili ilikuwa siku ya visu. Mjomba akachukua mpini wa ufagio, akatoboa mifuniko miwili ya ndoo, akafunga kamba, akaning'iniza mizani yake kwenye nguzo ya hema. Upande mmoja kilo ya shaba, upande mwingine unga. Aliyetaka kuhakikisha mgao wake alikuja. Wiki ya kwanza walikuja kumi, wiki ya tatu ikawa foleni, na wagawaji wenyewe wakaanza kupanga makopo yao kwa kufuata ile kilo. Visu havikutoka tena.

Na kila asubuhi, kabla ya uji, aliisugua. Alichota majivu, akayachanganya na vumbi la tofali, akalowanisha kitambaa, akasugua mpaka shaba ikawaka. Watu wa hema la jirani walimtania kwamba ana mke mdogo. Yeye aliwajibu kuwa mtu akiamka akaiona kilo inang'aa, anajua kuna mahali mambo bado yana utaratibu, hata kama mahali penyewe hapaonekani.

Vita vilipokwisha, alirudi wa kwanza katika familia yetu. Sisi tulimfuata mwaka mmoja baadaye, kwa hiyo haya ya mwanzo nimesimuliwa na wengi, na kila msimulizi ana namna yake, lakini kwenye jambo moja wote wanakubaliana: soko lilikuwepo, biashara haikuwepo.

Mawe ya mizani yalikuwa yamebebwa kuuzwa kama chuma chakavu. Kila muuzaji alijitafutia lake. Mmoja alipimia kufuli, mwingine pistoni ya gari, mwingine kipande cha reli. Muuza maharage mmoja, ambaye mji mzima humwita Bi Kelele, alipimia pasi yake ndogo ya mkaa, isiyo na mfuniko. Makopo ya kupimia yaligongwa kitako kikaingia ndani. Mnunuzi naye alikuja na jiwe lake mfukoni, na kabla ya kununua mchele wa mlo mmoja mlibishana nusu saa jiwe la nani ni kilo. Mkulima mwenye magunia kumi alileta mawili, manane akayaacha yaoze, maana kila gunia alilouza alirudi nyumbani akihisi ameibiwa, na aliyenunua alihisi hivyo hivyo. Msimu uliofuata akalima ya kula tu. Basi hapakuwa na mzigo wa kupeleka mbali, na pasipo mzigo hapaji lori, na lori lisipokuja hakuna sabuni, hakuna misumari, hakuna dawa ya kikohozi. Chumvi ililetwa kwa baiskeli, na aliyeileta aliiuza kama lulu.

Wale mabwana waliopigana vita hivyo walituambia wanapigania ardhi yetu. Ardhi ilibaki palepale ilipokuwa, haikusogea hata hatua moja. Walichotuondolea ni ile hali ya mama kununua kilo ya maharage bila kumtazama muuzaji kwa jicho la pembeni. Hicho hakuna mkutano wa amani uliokirudisha. Alikirudisha mtu mmoja mwenye mguu mbovu, asiyelipwa mshahara.

Mjomba alifagia ofisi yake, iliyokuwa haina mlango, akafukua mizani na mhuri alivyovizika uani kabla ya kukimbia, akaweka kilo mezani, akangoja. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili akaibeba mwenyewe mpaka kwenye meza ya Bi Kelele.

"Bi mkubwa, hiyo pasi yako haifiki kilo."

"Haifiki kwa nani? Mwenzangu hapo anapimia kufuli, na kufuli lenyewe halina hata ufunguo."

"Kufuli litafuata. Naanza na wewe."

"Kwa nini mimi? Umeniona mnyonge?"

"Hapana. Ukikubali wewe, sihitaji kutangaza."

Majirani wakacheka, na Bi Kelele naye, ingawa alijitahidi kununa. Wakapima. Pasi ilipungua, na mpaka ilingane na kilo ilibidi iongezewe konzi mbili za maharage. Alitukana kidogo, kisha akauliza kilo ya kweli inapatikana wapi.

Ilibidi itengenezwe. Mjomba na mhunzi walikata vyuma vya malori yaliyoungua kando ya barabara, wakayeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu, wakajaza matundu, wakalinganisha. Mawe ya kilo moja yalifuata ile ya shaba. Mawe kumi ya kilo moja yalizaa jiwe la kilo kumi. Nusu na robo alizigawa kutoka kwenye kilo hiyohiyo. Ko, mhuri. Ko, mhuri. Miezi miwili, mawe mia moja arobaini na matatu. Mama aliporudi na kile kisanduku cha mbao, Mjomba alimshukuru, akakisukuma chini ya kitanda. Kazi ilikuwa imekwisha.

Kisha akaja Mama Lori. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, anayenunua maharage na karanga na kuzipeleka mji mkubwa kwa lori lake mwenyewe. Safari ya kwanza alichukua magunia kumi ya majaribio, akafurahi kwamba hapa hakuna kubishana. Safari ya pili arobaini. Ya tatu themanini. Na lori halikuja tupu: lilileta sabuni, misumari, madaftari, mabomba, vitambaa. Fundi wa baiskeli akapata tairi za kuuza. Mashine ya kusaga ikapata mkanda mpya. Msimu uliofuata watu walilima mpaka kwenye mitaro ya barabara. Nilipokuja likizo niliukuta mji una kelele za kazi kuanzia alfajiri, na niliona fahari isiyo na kipimo. Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba huu mji umejengwa upya na mjomba wangu. Mjomba aliposikia aliniambia nifunge mdomo, inzi wasije wakaingia.

Wakati wa likizo hiyo Mama Lori alikuja safari ya nne. Hakushusha mizigo. Alisimama katikati ya soko, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba magunia yetu yanapungua.

"Kila gunia la mia, kilo moja na zaidi haipo. Nimepima kwangu, nikapeleka kupima kwa mwingine. Kwa safari ile ya magunia themanini, mmenila karibu gunia zima."

Soko likawaka. Tupunje watu sisi? Sisi wenye mawe ya mhuri? Bi Kelele aliinua jiwe lake akalizungusha watu walione. Mwenye bucha alisema labda panya wa mji mkubwa wana njaa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipanda juu ya rundo la magunia nikahutubia. Nilisema vita vimekula watu wetu na sasa walanguzi wanataka kula mabaki. Nilisema mengine ambayo siyarudii. Nilipigiwa makofi.

Mama Lori alingoja mpaka nikakosa pumzi.

"Umemaliza, mwanangu? Nami nilizika wawili katika vita hivyo. Magunia bado yanapungua."

Akapanda lori lake, likaondoka na mizigo yake yote kama lilivyokuja, bila hata gunia letu moja. Watu walishangilia mpaka vumbi lilipotulia. Kisha wakayatazama magunia yao, na kelele ikafa polepole.

Mjomba hakushangilia. Mchana huohuo aliingia nyumbani, akapiga magoti na ule mguu wake, akakivuta kisanduku kutoka chini ya kitanda. Mama na mimi tulimfuata ofisini. Aliniamuru nifunge dirisha. Kwenye sahani moja akaweka kilo ya shaba. Kwenye nyingine akawapanga wadogo: nusu kilo, mia mbili, mia mbili, mia. Jumla yao ni kilo moja kamili, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuambia hivyo. Akafunga kasha, akaondoa mkono.

Kilo ya shaba ikapanda juu.

Akabadilisha sahani, wadogo kulia, kilo kushoto. Ikapanda tena.

"Labda wadogo wamenenepa," Mama alisema. "Huko tulikokuwa tulikula vizuri."

Mjomba akafungua bahasha, akawa anaweka vijipande vya gramu upande wa kilo, kimoja kimoja kwa koleo. Ulimi wa mizani ukasimama katikati kwenye kijipande cha kumi na moja.

"Kaka," Mama aliuliza taratibu, "kule kambini ulikuwa ukiisugua kwa nini?"

"Majivu."

"Majivu tu?"

"Na vumbi la tofali."

"Kila siku?"

Mjomba aliishika kilo kwenye kiganja akaigeuza, na kweli, kingo zake zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mwizi hakuipata. Mwanajeshi aliikwaruza akashindwa. Aliyeimaliza ni yeye, kwa kitambaa, kwa mapenzi, asubuhi baada ya asubuhi. Na jiwe la kwanza likazaa la pili, na kumi yakazaa jiwe la kumi, na soko zima lenye mawe mia moja arobaini na matatu likawa linapunja watu kwa mhuri wake.

"Tusiseme," nilisema mimi. Niliona aibu baadaye, lakini nilisema, na nilikuwa na hoja. "Mjomba, hili soko ni la kioo. Ukisema tu, kesho wanarudi kwenye makufuli. Yarekebishe kimyakimya, moja moja, kwa kisingizio cha ukaguzi. Watu wamepona juzi tu, utawaumiza tena?"

"Na yule mama?"

"Atapata soko lingine."

"Huko chuoni umesoma miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Umebakiza mmoja. Labda ndio wa kufundishwa hilo."

Mama akaniambia nikae chini kabla sijaongeza la pili.

Siku ya soko, watu walipojaa, Mjomba alibeba mizani yake mpaka uwanjani, kasha la kioo kifuani kama mtoto mchanga. Akamwomba Bi Kelele awaite watu, na Bi Kelele alipoita waliitika hata wa ng'ambo ya barabara. Mjomba hakuhutubia. Alisema mawe yote aliyoyagonga yamepungua. Alisema kosa ni lake, kwa sababu aliisugua kilo mpaka ikaisha na hakuikagua. Alisema Mama Lori alisema kweli.

Mikono yote iliyokuwa ikipima ikasimama hewani.

Wa kwanza kusema alikuwa mwenye bucha. "Yaani mwaka mzima na nusu nimepunja watu kihalali? Na mhuri wa serikali juu?" Akashika kichwa. "Na sikujua nifurahie!"

Kicheko kikazuka, lakini kifupi. Nyuma ya umati niliona mtu mmoja ameinama chini ya meza yake, na alipoinuka alikuwa na lile kufuli mkononi. Ndicho nilichokiogopa.

"Sasa tukuamini kwa lipi, Mzee Kilo?" Bi Kelele aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa kubwa. "Ulituondoa kwenye pasi zetu. Tukakufuata kama vifaranga."

"Msiniamini," Mjomba alisema. "Njooni mtazame."

Akaweka wadogo upande mmoja, kilo upande mwingine. Watu walisogea, wakasukumana, wakaona ikipanda. Aliwaacha waguse. Aliwaacha wabadilishe sahani wenyewe. Akasema kuanzia leo hatagonga mhuri chumbani: kila jiwe litarekebishwa hapa nje, mwenyewe akiwapo, na jirani zake wawili wakitazama, na mmoja wa hao wawili awe mtu asiyempenda.

Bi Kelele alirudi kwenye meza yake. Chini ya meza ile pasi ya mkaa ilikuwa bado ipo, wote tulijua. Aliinama. Mwenye kufuli alimkazia macho, na wengine wengi walikuwa wanamtazama yeye ili wajue wafanye nini. Alipoinuka alikuwa ameshika jiwe lake la mhuri. Akalitua mbele ya Mjomba kwa kishindo.

"Anza na langu. Na atakayetazama ni huyu muuza vitunguu, maana tangu mwaka jana hatusalimiani."

Nawashukuru watu wale. Walikuwa na kila sababu ya kumrarua, na wengi wao walikuwa wamezoea kwa miaka mingi kwamba mwenye mamlaka akikosea, anayelipa ni mwingine. Walipanga foleni. Siku tatu Mjomba aliyeyusha risasi uwanjani, gramu kumi na moja kwa kila kilo, na kila jiwe lilipolingana mashahidi walisema ndiyo kabla ya nyundo kushuka. Muuza vitunguu na Bi Kelele walijikuta wamesalimiana bila kukusudia.

Kisha ikabaki haki ya Mama Lori. Bi Kelele ndiye aliyeweka gunia tupu katikati ya soko na kumwaga kopo la kwanza la maharage. Hakuna aliyelazimishwa. Kila aliyewahi kumuuzia alipita akamwaga chake, mpaka gunia likajaa, likafuatiwa na nusu gunia jingine. Ilizidi kile alichopungukiwa. Waliita nyongeza.

"Nani atapeleka?" mwenye bucha aliuliza.

Mjomba alinitazama. Soko zima likanitazama.

Nilisafiri siku nzima nimekalia maharage. Ghala la Mama Lori lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, limejaa magunia mpaka darini, na mlangoni kulikuwa na mizani kubwa ya jukwaa. Alinitambua mara moja. Hakunikaribisha kiti.

"Umekuja kuhutubia?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Ulisema kweli. Kilo yetu ilipungua."

Nilimweleza yote, la kambi, la majivu, la wadogo kisandukuni. Alisikiliza huku akipapasa maharage kwenye kiganja. Aliwaita wapagazi wapime magunia, akasoma mshale.

"Nani aligundua?"

"Mwenyewe."

"Na nani aliyemlazimisha kusema?"

"Hakuna. Mimi nilimwambia anyamaze."

Akacheka, kicheko cha tumboni nisichokitarajia kwa mtu mwenye sauti ile.

"Angalau wewe hudanganyi wala hujifichi. Nimenunua mazao kila kona ya nchi hii tangu risasi ziliponyamaza. Kila mahali nimeibiwa, na kila mahali nimeshusha bei ninayonunulia ili kufidia wizi, na wakulima wamelipia. Hakuna soko lililowahi kunifuata na gunia." Akamgeukia dereva wake. "Lala mapema. Kesho tunaenda kwao."

Tuliingia sokoni asubuhi ya pili yake. Watu walisimama, lakini hakuna aliyethubutu kupiga vigelegele mpaka waone. Mama Lori alishuka, akamwendea Mjomba, akampa mkono. Alimwomba tu amwonyeshe mizani, naye akamwonyesha, na mama yule akaliinamia kasha la kioo kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyepata nafuu.

Kisha akaenda kwa Bi Kelele kuuliza bei ya maharage.

"Bei gani hiyo?" alipiga yowe, na nikagundua kumbe ile sauti ya chini ina ghorofa ya juu. "Unaniuzia maharage au unaniuzia meno?"

"Kama hutaki acha! Mvua ilikuwa haba, mgongo unaniuma, na wewe umekuja umenona!"

"Nimenona kwa maharage yako yaliyopungua?"

"Tumekurudishia na nyongeza, usinisumbue!"

Walibishana hivyo mpaka jua likawa utosini, wakapunguziana, wakazidishiana, wakaapa kutozungumza tena, wakarudi. Magunia yalikuwa yakipanda mizanini pembeni yao, moja baada ya jingine, na wapagazi wakitaja uzito kwa sauti. Si muuzaji wala mnunuzi aliyegeuza shingo kutazama. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kivulini, mguu ameunyoosha, akiwasikiliza wakigombana kuhusu bei. Nilimletea chai. Aliipokea, akanipa nafasi nikae karibu naye, tukawasikiliza wote wawili.